Barua ya wazi: Saa 72 zinaanza Ijumaa usiku, kliniki inafunguliwa Jumatatu

Kwa Waziri wa Afya. Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam na waganga wakuu wa Jiji na manispaa. Msajili wa Baraza la Famasi. Mkurugenzi Mkuu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na kampuni zinazoendesha programu za kutafuta wenza.

YAH: DAWA ZA DHARURA, VIPIMO NA FARAGHA KWA WATU WAZIMA WANAOKUTANA MTANDAONI

Waheshimiwa,

Sisi ni wauguzi, washauri nasaha, wataalamu wa maabara na wafamasia tunaofanya kazi Dar es Salaam. Barua hii haiombi Tinder, Badoo wala programu nyingine ifungwe. Ombi la kufunga hupigiwa makofi kwenye majukwaa, lakini anayefungiwa programu anahamia kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, ambako kuna kuwadi anayechukua chake ili akuunganishe, na hakuna mahali pa kubandika hata anwani ya kliniki.

Programu hizi haziambukizi mtu. Zinafupisha muda kati ya "mambo" ya kwanza na mlango wa gesti, na zinakutanisha watu wasio na hata rafiki mmoja wanayemfahamu wote wawili. Mtu wa Mbezi Mwisho anampata wa Mbagala saa mbili usiku, saa tano wako pamoja Sinza, asubuhi kila mmoja kashika njia yake akiwa analijua jina la utani na picha tatu. Huduma zetu zimepangwa kwa mwendo mwingine kabisa: mtu ana mwenza anayejulikana, anaweza kumleta kliniki siku ya kazi, asubuhi, wakapanga foleni. Kwa watu wazima wa mitandaoni (na si wanachuo peke yao, wamo wajane, walioachika na wababa wa miaka 50) mpangilio huo unavuja. Tunaanza na pale unapovuja zaidi.

Chukueni kalamu. Kondomu imepasuka Ijumaa saa tano usiku. PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa hatarini, lazima zianze ndani ya saa 72, kwa sababu ndani ya siku hizo chache virusi vinatoka kwenye utando wa sehemu za siri, vinafika kwenye tezi na kuanza kuzaliana. Vikishajikita, dawa imechelewa. Kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu ya VVU, inafunguliwa Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Hapo saa 56 na nusu zimeshakwenda, zimebaki 15 na nusu, na mtu hajaandikishwa wala hajaambiwa daktari yuko kwenye kikao. Tena hizo 72 ni ukomo tu. Kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa. Sasa pelekeni hesabu hiyo kwenye Pasaka. Tukio la Alhamisi saa tano usiku, kuamkia Ijumaa Kuu, ukomo wake ni Jumapili saa tano usiku. Kliniki inafunguliwa Jumanne.

Hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Mwananyamala na Temeke, zina wagonjwa na wahudumu usiku kucha. Tunaomba mwongozo mmoja wa mkoa unaosema wazi kwamba kila hospitali yenye zamu ya usiku itaweka PEP kwenye kabati la dharura, chini ya muuguzi wa zamu, na si kwenye stoo ambayo ufunguo wake unaondoka na mtu Ijumaa jioni. Dawa yenyewe si ya kuagiza upya. Ni kidonge kile kile cha TLD, yaani tenofovir miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegravir 50, kinachotumiwa na wengi wanaoishi na VVU nchini. Kinamezwa kimoja kwa siku, siku 28.

Mtu apewe vyote 28 siku ya kwanza. Ule mtindo wa kumkatia vichache "halafu utarudi" ndio unaoua dozi, kwa kuwa akishapata kichefuchefu siku ya pili, au bosi akimnyima ruhusa, harudi. WHO ilishauri dozi kamili tangu 2014. Kabla ya kuanza apimwe VVU kwa kipimo cha haraka. Kama tayari anavyo, PEP si yake, anaingia kwenye matibabu. Apimwe na homa ya ini B, maana tenofovir na lamivudini huibana, na kuziacha ghafla siku ya 28 kunaweza kuiamsha. Ila kukosekana kwa kipimo cha ini au figo usiku ule kusizuie kidonge cha kwanza. Kimezwe pale pale, mengine yafuate asubuhi. Aulizwe pia kama anatumia dawa za kiungulia, vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu. Dolutegravir imezwe saa mbili kabla ya hivyo au saa sita baada yake. Vikikutana tumboni, madini yanainasa na haiingii mwilini vya kutosha. Jambo hili linasahaulika mno kwenye ushauri nasaha, na ni sentensi moja tu. Arudi kupima baada ya wiki 4 hadi 6, kisha wiki ya 12.

Kuhusu PF3: hiyo ni fomu ya polisi, ni ya ushahidi. Aliyebakwa na mtu aliyekutana naye mtandaoni anaihitaji kwa kesi, lakini dawa zake zisingoje muhuri. Na aliyepasukiwa na kondomu katika jambo la hiari hana kesi ya kufungua. Akiulizwa PF3 dirishani, ataaga kwa adabu na hamtamwona tena.

Lakini hospitali si mlango wa kwanza. Mlango wa kwanza ni kaunta ya famasi, Jumamosi asubuhi. Anaingia mtu, anajifanya kutazama dawa za meno mpaka wateja wengine watoke, kisha anasogea: "Dada, naomba P2." Anapewa, analipa, anaondoka, dakika mbili hazijaisha. Muuzaji hajakosea. Levonogestreli, dawa ya dharura ya kuzuia mimba iliyomo kwenye P2, miligramu 1.5 kwa jumla, hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema ndani ya siku tatu. Ila mtu huyu amesimama mbele ya mtaalamu wa dawa akiwa bado na zaidi ya saa 50 za PEP mkononi, akaondoka na kinga ya mimba peke yake. P2 haigusi VVU, kaswende wala kisonono. Swali moja lingetosha, kwa sauti ya chini: "Na mwenzio, hali yake unaijua?"

Kwa hiyo tunamwomba Msajili wa Baraza la Famasi aagize kila P2 inayouzwa jijini itoke na kikaratasi cha ukubwa wa vocha ya simu, chenye ukomo wa saa 72, namba ya bure ya 199 na jina la hospitali ya karibu yenye zamu ya usiku. Wanaopokea 199 nao wawe na jibu la swali hilo hata saa nane usiku. Maduka ya dawa muhimu yaishie hapo, kwenye kikaratasi. Famasi zenye mfamasia aliyesajiliwa ziende mbele zaidi, ziruhusiwe kuanzisha PEP. Julai 2024 WHO ilipendekeza PEP itolewe pia nje ya hospitali, wafamasia wakiwamo. Tunajua swali litakalofuata ni nani analipa. Pendekezo letu ni kwamba kidonge kitoke kwenye akiba ya Serikali na famasi ilipwe ada ndogo ya huduma, iliyobandikwa ukutani ili isipande Jumamosi usiku.

Tuingie maabara, ambako tatizo linaitwa UTI sugu. Mwanamke ana maumivu chini ya kitovu na uchafu usio wa kawaida ukeni. Anapima mkojo mtaani, hadubini inaonyesha seli chache za usaha, anaandikiwa UTI na kupewa antibayotiki ya sipro. Maumivu yanalegea. Mwezi unaofuata yamerudi, sipro tena, na safari hii pamoja na juisi ya mizizi aliyoiona Instagram. Bakteria wa klamidia wanaishi ndani ya seli, hadubini ya kawaida haiwaoni. Wa kisonono wamezoea sipro kiasi kwamba WHO iliitoa kwenye mwongozo wake wa kisonono mwaka 2016, na tegemeo sasa ni sindano ya seftriaksoni. Wakati huo wote maambukizi yanapanda taratibu kwenda kwenye mirija ya uzazi, na miaka kadhaa baadaye mtu huyo huyo anarudi kwetu na mimba iliyotunga nje ya kizazi, au haishiki mimba kabisa.

Utaratibu wa kutibu kwa kutazama dalili ulibuniwa kwa mahali pasipo na maabara, na umeokoa wengi. Udhaifu wake ni kwamba unamhitaji mgonjwa mwenye dalili, na wanawake wengi wenye klamidia hawana hata moja. Mtu mwenye wenza wapya watatu kwa mwaka hatakiwi kungoja aumwe. Mashine za GeneXpert zilizoletwa kwa ajili ya kifua kikuu zina katriji inayotambua klamidia na kisonono kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Tunaomba Dar es Salaam ianze na hospitali chache, mgonjwa ajichukulie mwenyewe sampuli ya ukeni kwa kijiti au atoe mkojo wa mwanzo, ule wa mililita 20 hadi 30 za kwanza, na awe hajakojoa kwa saa moja kabla. Kosa la kila siku ni kumwambia achukue mkojo wa katikati, kama wa UTI. Mkojo wa kwanza ndio unaokusanya vijidudu njiani. Ukiumwaga, umemwaga majibu.

Kaswende ni rahisi kuliko yote na ndiyo inayoaibisha zaidi. Kidonda chake hakiumi na hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6, mtu akadhani amepona kumbe ugonjwa umeingia ndani. Ikiwa bado changa inamalizwa na penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, kwa siku moja, nusu kila tako. Kipimo cha haraka kinachosoma VVU na kaswende kwa tone moja la damu kinatumika kwa wajawazito. Kitumike kwa mtu mzima yeyote anayekuja kupima. Kuhusu homa ya ini B, chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002, maana yake wengi wa watumiaji wa programu hizi walizaliwa kabla yake na hawajakingwa. Dozi ni tatu: leo, baada ya mwezi, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wapewe hapo hapo wanapopima VVU.

Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019, na kujipima kukaruhusiwa. Ni hatua kubwa, ila kipimo kinatembea bila maelezo. Cha mate hakipimi mate hasa. Kijiti kinapitishwa kwenye ufizi wa juu mara moja na wa chini mara moja, si kwenye ulimi, na mtu awe hajala wala kunywa kwa dakika 15, wala kupiga mswaki kwa dakika 30. Kinasomwa kati ya dakika ya 20 na ya 40. Anayekisoma dakika ya tano anajidanganya, na anayekiokota asubuhi akaona mstari hafifu anajiua kwa presha bure. Anayemeza ARV, au PrEP (dawa za kujikinga na VVU kabla ya kuwa hatarini), asikitegemee, kinaweza kuonyesha hana wakati anavyo. Mistari miwili si hukumu, ni tiketi ya kwenda kituoni kuhakikishiwa.

Hapo ndipo tunapotofautiana na kampuni za programu. Mtindo wa kuweka kwenye profaili "nimepima" na tarehe, au kutumiana picha ya kipimo kabla ya kukutana, unauza utulivu usiokuwepo. Vipimo vyetu vya haraka vinatafuta kingamwili, na zinaweza kuchukua mpaka miezi mitatu kuonekana. Majibu ya jana yanaeleza maisha ya mtu hadi miezi mitatu nyuma, hayasemi lolote kuhusu wiki mbili hizi. Utafiti wa kitaifa wa VVU, THIS, wa 2022–2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya hao asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na wa kwenye dawa asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Aliyefubaza virusi haambukizi kwa ngono. Hatari kubwa iko kwa asiyejua, na asiyejua ndiye anayejiandika "niko safi" kwa moyo mweupe. Wanaotaka kuanza pamoja wapime wote wawili, watumie kondomu miezi mitatu, wapime tena.

Tena tusiwahimize watu waandike hali zao kwenye profaili. Aprili 2018 ilibainika kwamba Grindr, programu nyingine ya kutafuta wenza, ilikuwa ikipeleka hali ya VVU ya watumiaji wake kwa kampuni mbili za nje. Huko ni Ulaya na Marekani. Hapa, skrinshoti moja inafika kwa mwenye nyumba na kwa mchungaji kabla ya jua kuzama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu afya na maisha ya kimapenzi kuwa taarifa nyeti. TCRA na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi zidai kutoka kwa kampuni hizi umbali wa mtumiaji uonyeshwe kwa makadirio, kwa kilomita nzima, maana mwenye nia mbaya akisoma umbali kamili kutoka sehemu tatu tofauti anaipata nyumba. Zidai pia ukurasa wa Kiswahili wenye vituo vya kupimia vya Dar. Linawezekana: Januari 2016, baada ya mvutano na shirika la AIDS Healthcare Foundation, Tinder iliweka sehemu ya afya yenye kiungo cha kutafuta mahali pa kupimia.

Kuna jambo moja linatushinda kabisa kwa zana tulizonazo. Mgonjwa amekutwa na kaswende, tunampa kadi ya kumjulisha mwenza. Mwenza gani? Kwenye Tinder, mmoja akimwondoa mwenzake kwenye orodha, mazungumzo yote yanapotea kwa pande zote mbili. Akipigwa bloku WhatsApp, basi. San Francisco walikutana na hali hiyo mwaka 1999, wagonjwa wa kaswende wakiwa wamekutana kwenye chumba cha soga cha AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, na wanajuana kwa majina ya bandia tu. Kampuni haikutoa utambulisho wa watu. Idara ya afya ikashirikiana na kampuni ya mtandaoni ya PlanetOut kupeleka onyo ndani ya chumba kile kile, kwa wote, bila kumtaja mtu. Sisi tunaomba kitu kinachofanana na huduma ya Let Them Know ya Australia: mgonjwa, au mshauri akiwa naye, anajaza namba, na upande wa pili unapokea ujumbe usio na jina, "kuna mtu anakushauri ukapime kaswende," pamoja na orodha ya vituo. Na tunaomba hivi kwa msisitizo: Serikali isidai majina ya watumiaji kwa kisingizio cha afya. Siku habari hiyo ikivuja, hakuna atakayetuambia ukweli tena.

Vitisho vya picha za utupu navyo tunavihesabu kuwa suala la afya, kwa sababu anayetishiwa haendi kliniki, analala na anayemtisha ili anyamaze. Asilipe, kwani malipo ya kwanza hufungua ya pili. Ahifadhi skrinshoti zenye namba, tarehe na jina lililosajiliwa kwenye namba ya kupokelea pesa, kabla ya kufuta chochote. Huduma ya StopNCII hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu ya mhusika, picha yenyewe haitumwi popote, na mitandao kama Facebook na Instagram huitumia kuzuia picha hiyo isipandishwe. Kinachowazuia wengi kwenda polisi ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayokataza kuchapisha picha za ngono: mlalamikaji anaogopa kugeuziwa kesi kwa picha aliyomtumia mtu mmoja. Tamko moja la wazi, kwamba mlalamikaji hashtakiwi, likabandikwa kwenye kila Dawati la Jinsia, litafanya kazi kuliko semina kumi.

Kondomu tutazipitia haraka. Gesti nyingi hazina, au zinazo kwenye kasha lililowekwa dirishani juani, na joto huua mpira. Manispaa ziweke kondomu kuwa sharti la leseni, zikae droo ya kitandani. Suala la vilainishi tunaligusa tukijua ni zito. Mwaka 2016 Serikali ilizuia usambazaji wake. Chumbani yakabaki mafuta ya nazi na Vaseline, na mafuta huidhoofisha kondomu ya mpira ndani ya dakika chache. Mwanamke aliyekoma hedhi, mkavu kwa sababu za kimaumbile, anapasukiwa na kondomu bila kosa lake. Kilainishi cha maji kirudi, kiuzwe famasi kama dawa ya ngozi inavyouzwa.

Fedha za msaada wa Marekani kwa VVU ziliposimamishwa Januari 2025, kibali maalumu kilichofuata kiliruhusu zitumike kwa PrEP ya wajawazito na wanaonyonyesha tu. Watu wazima wengine wenye wenza wapya mara kwa mara ndio walioachwa, na hao ndio kidonge kimoja kwa siku kingewafaa zaidi, mradi mwanamke ajue kwamba anahitaji siku saba za kumeza kabla ya kukitegemea. PrEP iwe na fungu lake kwenye bajeti yetu wenyewe.

Lisilohitaji bajeti ni orodha: kila kituo Dar es Salaam chenye PEP usiku na siku za mapumziko, kikiwa na jina la idara, mlango wa kuingilia na namba ya simu ya zamu, na ihakikiwe kila robo mwaka kwa kupiga simu hizo saa sita usiku. Fomu ya kuikusanyia tumeshaiandaa. Tunasubiri ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa ituambie tuilete lini.

Wenu katika kazi,
Wauguzi, washauri nasaha, wataalamu wa maabara na wafamasia
Dar es Salaam